Kutoka Arusha hadi Dar kwa ndege ni saa ngapi? Umbali, muda na viwanja viwili vya kuangalia kwenye tiketi

Swali hili linaingia studio karibu kila wiki, na kwa muda mrefu nilikuwa nalijibu kwa sentensi moja. Niliacha baada ya simu ya mama mmoja wa Ngaramtoni aliyepiga wakati wa kipindi cha asubuhi.

Baba yake alikuwa na miadi ya kliniki Muhimbili, miadi waliyoisubiri kwa miezi. Mjukuu alikuwa amemkatia mzee tiketi ya ndege ya kesho yake, kliniki ikiwa keshokutwa asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi kutoka hapa mpaka Dar kwa ndege ni saa ngapi?"

Nikamjibu huku naangalia saa ya ukutani, maana taarifa ya habari ilikuwa inakaribia: "Saa moja na robo, mama."

Akanyamaza kidogo. "Saa moja na robo? Mbona huyu kijana ameniambia ndege ni saa saba?"

Nilimwomba anisomee kilichoandikwa kwenye tiketi. Ilikuwa JRO 07:15, DAR 08:30. Mimi nilikuwa namwambia muda wa kukaa angani, ambao ni saa moja na robo. Yeye alidhani namtajia saa ya kuondoka, na kumbe nayo ilikuwa saa moja na robo, asubuhi. Aliyekosea ni mjukuu, aliyeona 07 akasoma saba. Tungekata simu hapo, mzee angefika kiwanjani kama saa tano asubuhi na begi lake, karibu saa nne nzima baada ya ndege kuondoka, na miadi yake ingekuwa mashakani.

Kwa hiyo leo tulijibu swali hili kwa ukamilifu wake.

Kwanza, Arusha ipi?

Arusha inahudumiwa na viwanja viwili vya ndege, na watu wengi hujua hilo siku wanapokwenda kwenye kile ambacho sicho.

Cha kwanza ni Kiwanja cha Ndege cha Arusha, ambacho wenyeji tunakiita Kisongo. Kipo magharibi ya mji, kando ya barabara ya kwenda Babati na Dodoma, na ukitoka katikati ya jiji hufiki kilomita kumi na mbili. Kwenye tiketi huandikwa ARK. Ni kiwanja cha ndege ndogo na za kati: zile zinazopeleka watalii Seronera na viwanja vingine vya Serengeti, zinazokwenda Zanzibar, na baadhi za kwenda Dar.

Cha pili ni Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro, yaani KIA. Kwenye tiketi huandikwa JRO, herufi ambazo ukiangalia vizuri zimo ndani ya jina Kilimanjaro. Kiwanja hiki hakipo hata ndani ya Mkoa wa Arusha. Kipo Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, katikati ya miji ya Arusha na Moshi, umbali wa kama kilomita 50 kwa barabara kutoka Arusha mjini. Kilifunguliwa Desemba 1971, wakati Arusha ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na njia yake ya kuruka na kutua ndege ina urefu wa mita 3,600. Ya Kisongo haifiki mita 2,000.

Kwa mstari ulionyooka, viwanja hivi viwili vinaachana kwa kilomita 49 hivi. Kwa ndege ni dakika chache, lakini kwa gari ni lazima ulikatize jiji au ulizunguke. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama Kisongo asubuhi moja, nimevaa koti la safari, nikijiuliza mbona hakuna abiria mwingine wa Dar. Askari wa getini akaitazama tiketi yangu, akacheka kwa huruma: "Bwana mdogo, hii ni ya KIA." Zilikuwa zimebaki dakika hamsini. Sikuiwahi, na wa kulaumiwa ni mimi, kwani herufi tatu zilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku niliyoilipia.

Hata wenye kazi yao wamewahi kuvichanganya. Tarehe 18 Desemba 2013, ndege kubwa aina ya Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia, iliyokuwa inakwenda KIA, ilitua Kisongo. Wakati huo njia ya Kisongo ilikuwa na urefu wa mita 1,620 tu. Ndege ilisimama salama na hakuna aliyeumia, ila magurudumu yaliishia kwenye majani. Wakazi wengi wa Kisongo bado wanaikumbuka siku hiyo, maana ndege ya ukubwa ule hawakuwa wameizoea pale.

Umbali wenyewe

Kutoka KIA hadi Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni kilomita 450 hivi. Kutoka Kisongo hadi hapo hapo Dar ni kama kilomita 483, kwa sababu Kisongo ipo mbali zaidi upande wa magharibi.

Umbali huo hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, kana kwamba umevuta kamba kutoka kiwanja kimoja hadi kingine bila kujali mlima wala mto. Barabara haiwezi kufanya hivyo. Basi linaanza kwa kwenda mashariki hadi Moshi, linashuka chini ya milima ya Upare kupitia Mwanga na Same, linapita chini ya Usambara kwa Mombo na Korogwe, linafika Segera, kisha Msata, Chalinze na Kibaha. Ndiyo maana kwa barabara safari hiyo inazidi kilomita 600.

Ukitafuta umbali huu kwenye intaneti utakutana na namba tatu tofauti, na zote zinaweza kuwa sahihi: 450, 280 na 243. Ya kwanza ni kilomita. Ya pili ni maili za nchi kavu, ambapo maili moja ni kilomita 1.609. Ya tatu ni maili za baharini, ambazo marubani hurithi kutoka kwa manahodha, na moja ni kilomita 1.852. Mtu akikwambia Dar ni maili 243, muulize ni za wapi.

Kwa nini ndege ya kasi haifiki mapema sana

Ukichukua kilomita 450 ukagawanya kwa mwendo wa ndege, utapata jibu dogo kuliko la tiketi. Bombardier Q400, zile za panga boi ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2016, hukimbia kama kilomita 600 kwa saa zikiwa angani. Kwa hesabu ya darasani hiyo ni dakika 45. Lakini tiketi inasema saa moja na robo, au pungufu kidogo.

Tofauti inatokana na namna muda unavyopimwa. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapotoka ilipoegeshwa na huisha inaposimama kabisa upande wa pili. Ndani yake kuna kutembea ardhini hadi mwanzo wa njia, kusubiri ruhusa, kupanda taratibu hadi kimo cha safari, kushuka taratibu, kuzunguka kuingia kwenye mstari wa kutua, na kutembea tena ardhini. Katika safari fupi kama hii, kupanda na kushuka hula sehemu kubwa ya muda wote. Ndege haijamaliza kutulia juu, tayari rubani anatangaza kwamba tunaanza kuteremka.

Kwa sababu hiyo, aina ya ndege haibadilishi mambo sana kama watu wanavyodhani. Airbus A220, ambazo Air Tanzania ilianza kuwa nazo Desemba 2018, zinaweza kukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Kwa kilomita 450, ikilinganishwa na panga boi, unaokoa dakika kumi na kitu. ATR za Precision Air, kampuni iliyoanzia hapa hapa Arusha mwaka 1993, zinakwenda polepole kidogo kuliko Bombardier, na kwa safari hii wanaachana kwa dakika chache. Upepo nao ni hivyo hivyo: ukiwapiga usoni kwa kilomita 40 kwa saa njia nzima, mtachelewa dakika tatu au nne.

Ndege ndogo za injini moja zinazoruka Kisongo ni habari nyingine. Cessna Caravan hukimbia kama kilomita 300 kwa saa, hivyo kutoka Kisongo hadi Dar tegemea saa moja na dakika 45 au zaidi kidogo, na zaidi ya hapo kama inapitia Zanzibar kwanza. Kisongo hadi Zanzibar ni kilomita 430 hivi, saa moja na nusu kwenda mbele. Mzigo wenu humo huwa kilo 15 mara nyingi, kwenye begi laini. Ukija na sanduku gumu la magurudumu na gunia la mchele wa harusi, mtaelewana vibaya na wapima mizigo.

Kuna jambo lingine la Kisongo ambalo abiria halioni. Kiwanja kipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, wakati KIA ipo chini ya mita 900. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, kwa hiyo bawa hupata nguvu ndogo ya kubeba na ndege huhitaji kukimbia zaidi ardhini kabla ya kuinuka. Ukichanganya na njia fupi, unaelewa kwa nini ndege kubwa huenda KIA na kwa nini siku nyingine Kisongo huhesabu mzigo kilo kwa kilo. Na kwa miaka mingi njia ya Kisongo haikuwa na taa, hivyo giza likiingia huduma ilikuwa imekwisha. Msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, mawingu ya chini yanayokaa ubavuni mwa Meru asubuhi yanaweza kuchelewesha ndege ndogo hadi yapande.

Hesabu ya kutoka nyumbani hadi unakokwenda

Sasa turudi kwa mzee wa Ngaramtoni, maana hapa ndipo watu wanaumia.

Ndege ni 07:15, saa moja na robo asubuhi. Kwa safari ya ndani ni vizuri awe kiwanjani saa mbili kabla, yaani 05:15, saa kumi na moja na robo alfajiri. Kaunta hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani, dakika 30 hadi 45 au zaidi kabla ya kuruka kutegemea shirika, na ikifungwa imefungwa hata kama ndege unaiona kwa macho. Kutoka Ngaramtoni hadi KIA, kwa barabara ya mchepuo inayozunguka jiji upande wa kusini na kutokea Usa River, weka saa moja na nusu ukiwa na mzee asiyependa mwendo kasi. Kwa hiyo gari litoke nyumbani 03:45, saa kumi kasorobo alfajiri.

Ndege inafika Dar 08:30. Kushuka, kusubiri begi na kupata gari, weka nusu saa. Kutoka kiwanjani hadi Upanga ni kilomita kumi na kidogo tu, lakini ni Barabara ya Nyerere asubuhi ya siku ya kazi, na mtu aliyewahi kukaa Tazara akihesabu magari anajua ninachosema. Weka saa nzima. Ni saa nne asubuhi.

Mzee ametoka nyumbani saa kumi kasorobo na amefika saa nne. Hiyo ni saa sita na robo, na kati ya hizo ndege imechukua saa moja na robo. Ndiyo maana nilimwambia yule mama kwamba mjukuu, pamoja na kosa lake la saa, alifanya jambo la akili kuacha siku moja katikati. Ningeshauri hivyo kwa mgonjwa yeyote, na kwa anayekwenda kwenye usaili wa kazi au kesi mahakamani. Ndege ya asubuhi ya siku ile ile inakuacha bila nafasi hata ya kuchelewa kidogo.

Na basi je? Basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Arusha hufika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, baada ya saa kumi hivi likienda vizuri, na kutoka Mbezi hadi mjini una saa moja au zaidi. Jumla ni kama saa kumi na mbili ukihesabu kutoka nyumbani. Kwa hiyo ulinganisho wa kweli ni saa sita kwa kumi na mbili. Watu wanaosema ndege ni saa moja na basi ni kumi wanasahau barabara za pande zote mbili. Bado ndege inashinda, na kwa mzee mwenye maumivu ya mgongo inashinda kwa mbali. Ila tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, kijana mwenye afya anaweza kulala njiani akaamka Dar, na kwake nusu siku inayookolewa huenda isilingane na nauli.

Kwa Nairobi faida ni ndogo zaidi. KIA hadi Jomo Kenyatta ni kilomita 235, angani chini ya saa moja. Lakini ongeza saa tatu za kuwahi safari ya kimataifa, barabara ya KIA, uhamiaji na foleni ya Nairobi, halafu linganisha na basi dogo la kupitia Namanga linalochukua saa tano au sita. Kama huunganishi ndege nyingine, mimi ningepanda basi.

Kusoma saa kwenye tiketi

Tiketi zote hutumia saa 24, zinazoanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Ni tofauti ya saa sita, na inaweza kukupotezea nauli.

Namba kuanzia 07 hadi 18, toa sita. 07:15 ni saa moja na robo asubuhi, 12:00 ni saa sita mchana, 13:00 ni saa saba mchana, 16:30 ni saa kumi na nusu jioni. Kuanzia 19 hadi 23, toa kumi na nane: 19:40 ni saa mbili kasoro dakika ishirini usiku. Kuanzia 01 hadi 06, ongeza sita: 05:15 ni saa kumi na moja na robo alfajiri.

Inayosumbua zaidi ni 00. Ukiona 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku, na tarehe imeshabadilika. Tiketi ya tarehe 12 saa 00:30 inakutaka uwe kiwanjani jioni ya tarehe 11. Ukilala usiku huo ukitegemea kusafiri "kesho tarehe 12 usiku", utakuwa umechelewa siku nzima. Hili huwapata sana wanaosafiri nje, kwa kuwa ndege nyingi za mbali huondoka usiku.

Kuhusu nchi nyingine, saa za kuwasili huandikwa kwa saa za huko. Nairobi, Addis Ababa na Doha wanatumia saa moja na sisi. Kigali ipo nyuma yetu kwa saa moja, hivyo usishangae ukiona kwenye tiketi kwamba safari ya kwenda ni fupi ajabu na ya kurudi ni ndefu.

Safari ya kurudi

Watu hupanga kwenda wakasahau kurudi. Tiketi ya mzee ilikuwa ya kutua KIA 20:55, saa tatu kasoro dakika tano usiku. Saa hiyo, ukishapata begi, usitegemee daladala. Zinazopita barabara kuu ya Moshi na Arusha hazimfuati mtu kiwanjani, na kutoka jengo la abiria hadi njia panda ni kilomita kadhaa za giza zisizo za kutembea na mzigo. Teksi za kiwanjani zipo, lakini bei ya usiku hadi Ngaramtoni inaweza kukushangaza. Elewana na dereva wako kabla hujaondoka Dar, mpe namba ya ndege na siyo saa tu ili aweze kufuatilia kama imechelewa, na umtajie kabisa ni KIA. Ukimwambia "nipokee airport ya Arusha", kuna uwezekano mkubwa akakusubiri Kisongo.